Makabati ya juu ndani ya HiAce ya kulala safarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu makabati yanayoning'inia pembezoni mwa paa, ndani ya Toyota HiAce iliyogeuzwa kuwa gari la kulala safarini. Mfano uliotumika ni HiAce ya kizazi cha H200, iliyoingia sokoni mwaka 2004, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika yadi za magari yaliyotumika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na mafundi wengi wa bodi wamekwisha kuifungua na kuifunga mara nyingi. Mwenye gari la aina nyingine anaweza kufuata kanuni zilezile, lakini apime kila kitu upya.

## Kabla ya kununua mbao

1. Je, kila HiAce inafaa kuwekewa makabati ya juu?

Kila moja inaweza kuwekewa, ila si kila moja itakuwa na raha baada ya hapo. HiAce fupi na nyembamba yenye paa la chini ina urefu wa milimita 4,695, upana wa 1,695 na kimo cha karibu 1,980 kwa nje. Ile ndefu na pana yenye paa la juu ina urefu wa 5,380, upana wa 1,880 na kimo cha 2,285. Katikati ya hizo mbili yapo maumbo mengine, kwa hiyo jina lililoandikwa mlangoni lisikutoshe. Chukua futi kamba.

Kwa ndani, gari la paa la chini lina kimo cha takriban mita 1.3, na la paa la juu takriban mita 1.6. Ukishaweka sakafu ya plaiwudi na dari mpya, sentimita nne au tano zimekwenda. Katika gari la paa la juu, makabati ya juu ni jambo la busara. Katika la paa la chini yanageuka kuwa dari ya pili, na mtu aliyekaa hujikuta ameinamisha shingo jioni nzima. Kwa gari hilo, ushauri wangu ni kuacha kabisa makabati ya sanduku, na badala yake kuweka nyavu zilizonyooshwa chini ya dari, pamoja na rafu moja nyembamba juu ya kiti cha dereva.

2. Ni vitu gani vikae juu, na vipi vikae chini?

Juu pawe pa vitu vikubwa kwa umbo na vyepesi kwa uzito: nguo, mashuka, kanga, taulo, mikate, majani ya chai, sahani za plastiki, mablanketi ya baridi. Chini pawe pa maji, unga, makopo, sufuria, vipuri, jeki na kila kitu ambacho, kikianguka kutoka kimo cha kichwa, kitamuumiza mtu. Kipimo rahisi ni kujiuliza kama ungekubali kitu hicho kikuangukie usoni ukiwa umelala, ukisita, kishushe.

Makopo ya dawa ya mbu na manukato ya kupuliza yasikae juu hata kama ni mepesi. Mengi yameandikwa ubavuni kwamba yasiachwe kwenye joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi, na nafasi iliyo chini ya bati la paa ndiyo ya kwanza kupata joto gari likiegeshwa juani.

3. Uzito ulio juu unaathirije uendeshaji?

Unainua kitovu cha uzito wa gari, na gari hulala zaidi kwenye kona na kuyumba zaidi linapopishana na lori. Chukua mfano wa gari lenye kilo 2,200 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 80 kutoka ardhini. Ukiongeza kilo 60 za makabati na mizigo kwenye kimo cha mita mbili, kitovu kinapanda kwa zaidi kidogo ya sentimita tatu. Peke yake si janga. Tatizo ni kwamba mtu huyohuyo mara nyingi ameshaweka keria juu ya paa, na juu ya keria ameweka tairi la akiba, madebe ya mafuta na hema. Hesabu zote zijumlishwe pamoja, na kama keria imejaa, makabati yapunguzwe.

Uzito usawazishwe pia kati ya kulia na kushoto. Kama tangi la maji liko upande wa kulia, kabati refu la juu likae kushoto.

4. Nijenge upande mmoja au pande zote mbili?

Upande mmoja, isipokuwa una sababu ya kweli. Kabati moja refu linalofuata ubavu mzima, kutoka nyuma ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma, lina nafasi ya kutosha kwa nguo na matandiko ya watu wawili, na upande wa pili unabaki wazi kwa dirisha, hewa na mabega. Upande mzuri ni ule usio na mlango wa kuteleza, kwa sababu huko ukuta haukatizwi, na mbavu za bodi (boriti za bati zinazoshikilia paa) zinafuatana bila pengo kubwa.

Wanaojenga pande zote mbili huvutiwa na picha za magari ya Ulaya kama Mercedes-Benz Sprinter na Fiat Ducato, ambayo yakiwa na paa la juu yana kimo cha mtu kusimama. HiAce haina nafasi hiyo. Ukiweka kabati la kina cha sentimita 30 kila upande katika gari ambalo upana wake wa ndani juu ni mita moja na nusu tu, katikati unabakiwa na sentimita 90, na kila anayesimama akiwa ameinama atagonga kona moja au nyingine.

## Vipimo na umbo

5. Kina na kimo cha kabati kiwe kiasi gani?

Kwa HiAce pana, kina cha sentimita 28 hadi 32 upande wa chini wa kabati kinatosha. Kwa ile nyembamba, sentimita 22 hadi 25. Kina kikizidi hapo, mkono haufiki nyuma bila kutoa vitu vya mbele kwanza, na vitu vya nyuma husahaulika. Kimo cha sentimita 25 hadi 30 kinaruhusu nguo zilizokunjwa kusimama kwa ubavu kama mafaili, jambo linalofanya kila shati lionekane.

Ukingo wa mbele wa sakafu ya kabati uwe na kizuizi cha sentimita nne au tano kilichoinuka. Kizuizi hicho ndicho kinachofanya vitu visikimbilie mlangoni kila breki inapokanyagwa, na ndicho kinachoamua kama ukifungua mlango utapokea nguo au utapokea mvua ya vijiko.

6. Ukuta wa gari umepinda. Nachukuaje umbo lake?

Hakuna sehemu ya HiAce iliyonyooka kuanzia dirishani kwenda juu, na mkunjo wa mbele si uleule wa nyuma. Kwa hiyo kila ubao wa kusimama, yaani ule wa pembeni na wa kugawa vyumba, una kiolezo chake, hata kama kwa macho yanaonekana kufanana.

Njia isiyo na gharama ni ya katoni. Kata kipande cha katoni ngumu kikubwa kidogo kuliko nafasi, kiweke mahali pake kikiwa kimesimama wima, kisha chukua kipande kidogo cha mbao chenye upana wa sentimita tano na penseli iliyobanwa pembeni yake. Tembeza mbao hiyo ikigusa bati mwanzo hadi mwisho, nayo penseli itachora mkunjo uleule kwenye katoni, umesogea sentimita tano ndani. Kata kwa wembe, sukuma katoni mbele sentimita tano, angalia mwanga unapopenya, rekebisha. Katoni ikikaa bila mwanga kupenya, iandike namba na alama ya mbele na nyuma kabla ya kuitoa. Baada ya hapo ndipo plaiwudi iguswe.

Acha pengo la milimita tano hadi kumi kati ya mbao na bati. Ubao unaogusa bati husagana nalo safari nzima, hula rangi, na hapo kutu huanza. Sababu nyingine ya pengo hilo iko katika swali la 18.

7. Naweza kuweka kabati juu ya kitanda?

Unaweza, juu ya miguu. Juu ya kichwa hesabu inakataa. Tuseme baada ya sakafu na dari umebakiwa na sentimita 158. Kitanda kina kimo cha 45 na godoro la 10, jumla 55, na juu yake zimebaki 103. Mtu mzima akikaa ana kimo cha takriban sentimita 85 hadi 92 kutoka makalioni hadi utosini. Kabati lenye kimo cha 30 linakuachia 73. Utalala, lakini hutaweza kuketi kitandani.

Kama kitanda kimekaa kwa upana wa gari na kabati haliwezi kuepuka upande wa kichwa, lipunguze liwe rafu ya wazi yenye kimo cha sentimita 12 na kina cha 18, kwa ajili ya simu, miwani na tochi. Pembe zake za mbele zikatwe mviringo na kupigwa msasa, kwa sababu giza la saa nane usiku halina adabu na paji la uso.

## Mbao na uungaji

8. Nitumie MDF au plaiwudi?

Plaiwudi. MDF, yaani bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni nzito, hunywa maji kingoni, na skrubu iliyolegea ndani yake haikazi tena. Bodi ya MDF ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 40. Bodi ya plaiwudi ya ukubwa uleule yenye milimita 12 ni kilo 21 hivi, na ya milimita 9 ni kilo 16. Tofauti hiyo pekee inatosha kujaza kabati kwa nguo.

Kwa sakafu ya kabati na mbao za kugawa, milimita 12. Kwa milango, milimita 9. Kwa mgongo wa kabati, kama unautaka, milimita 4 au 6. Wengi hawauhitaji, na kitambaa kinene kilichonyooshwa kinafanya kazi hiyo kwa gramu chache. Plaiwudi ya paini inayotoka viwanda vya Mafinga inafaa kwa kazi hii mradi uchague bodi moja moja: inamisha bodi uione kwa ubavu, ukikuta tabaka zina mapengo au bodi imejikunja kama mtumbwi, irudishe. Plaiwudi ya marini ni bora kwa magari yatakayoishi Pwani, ingawa bei yake ni kubwa na si lazima kwa sehemu ambazo hazitaguswa na maji.

Blokibodi na chipubodi ziachwe kwa makabati ya nyumbani.

9. Fremu ya chuma au ya aluminiamu ni bora kuliko mbao tupu?

Fremu ya skweapaipu za aluminiamu, zilizovikwa plaiwudi nyembamba, ni nyepesi na imara sana, lakini inahitaji fundi anayejua kuchomea aluminiamu au viungio maalumu vya pembe. Fremu ya skweapaipu za chuma, ambayo kila welda mtaani yuko tayari kuitengeneza siku hiyohiyo, mara nyingi huwa nzito kuliko mzigo utakaoubeba. Kabati la plaiwudi lililoungwa vizuri ni fremu tayari. Sakafu, mbao za kugawa na ubao wa mbele vikishikana, sanduku zima linakuwa gumu. Chuma kibaki mahali kabati linaposhikana na gari, kama inavyoelezwa katika swali la 11.

10. Skrubu zinachomoka kwenye ukingo wa plaiwudi. Nifanyeje?

Skrubu inayoingia ukingoni mwa plaiwudi inapita kati ya tabaka na kuzitanua, na haina mshiko wa kudumu, hasa kwenye milimita 9 na 12. Weka kijiti cha mbao laini cha sentimita mbili kwa mbili katika kila kona ya ndani, kipake gundi ya mbao pande zote mbili, kisha skrubu zipite usoni mwa plaiwudi na kuingia kwenye kijiti. Gundi ndiyo inayobeba. Skrubu zinabana tu mpaka ikauke. Kona iliyounganishwa hivi hailii, na kilio cha mbao ndicho kitakachokuchosha kwanza barabarani.

## Kufunga kabati kwenye bodi

11. Kabati linafungwa wapi hasa?

Linafungwa kwenye mbavu za bodi, yaani zile boriti za bati lililokunjwa zinazopita paani kwa upana, na reli inayofuata ukingo wa paa kwa urefu. Halifungwi kamwe kwenye bati la nje la paa, ambalo unene wake hauzidi milimita moja. Skrubu iliyoingia hapo inatokea juu, maji yanaingia, na hata kabla ya mvua, bati litapasuka kwa mtikisiko.

Kabla ya kutoboa, toa dari ya zamani uone mbavu kwa macho. Utakuta kila ubavu una matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kwa ajili ya vishikizo vya dari. Yale yaliyo mahali pazuri yatumike, kwa kuwa tundu la kiwandani lina rangi kingoni na halitaanza kutu. Panga mbao za kugawa za kabati ziangukie kwenye mbavu, hata kama vyumba vya kabati havitalingana. Watu wengi hufanya kinyume: wanachora vyumba vitatu vilivyo sawa, kisha wanatafuta ubavu ulio karibu, na kabati linaishia kuning'inia kwa anglaini (chuma cha pembe) ndefu inayocheza.

12. Nati za riveti ni nini, na zinatosha?

Ni nati yenye ganda jembamba inayoingizwa kwenye tundu la bati na kuvutwa kwa kifaa maalumu mpaka ganda lake likunjamane nyuma ya bati na kulibana. Hukupa uzi imara mahali ambapo mkono hauwezi kufika nyuma kushika nati ya kawaida. Kwa kazi hii ukubwa wa M6, yaani wa bolti ya milimita 6, unafaa, na tundu lake mara nyingi ni la milimita 9. Soma kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu tundu likizidi kipimo hicho kwa nusu milimita nati itazunguka nawe wakati wa kukaza. Chagua za chuma. Za aluminiamu ni laini na hufaa kwa taa na mapambo.

Mambo mawili ya kuangalia wakati wa kutoboa. La kwanza, umbali kati ya ubavu na bati la nje unaweza kuwa sentimita mbili au hata pungufu, kwa hiyo vika msumari wa drili kipande cha mbao kilichotobolewa, ubaki ukichomoza milimita kumi tu. La pili, unga wa chuma unaoanguka ndani ya ubavu uvutwe wote kwa mashine ya kufyonza vumbi au sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa. Ukiubakiza, hewa ya chumvi ya Pwani inaugeuza kutu, na baada ya muda unaona michirizi ya kahawia ikiteremka kwenye kitambaa kipya cha dari. Kingo za tundu zipakwe rangi ya zinki kabla ya nati kuingia.

13. Kwa nini kabati fupi kwa kimo hung'oka upesi kuliko refu?

Kwa sababu kabati halishuki tu kwa uzito wake; linajaribu pia kupinduka kuelekea katikati ya gari, likizungukia kwenye safu yake ya chini ya bolti, na safu ya juu ndiyo inayozuia. Kabati lenye kina cha sentimita 30 na kilo 20, mizigo ikiwemo, lina kitovu chake cha uzito sentimita 15 kutoka ukutani. Kama safu ya juu na ya chini za bolti zimeachana sentimita 30, safu ya juu inavutwa nje kwa nguvu inayolingana na kilo 10. Zikiachana sentimita 15 tu, nguvu hiyo ni kilo 20.

Hapo gari limesimama. Kwenye mashimo, matuta na zile rasta zinazopangwa kabla ya tuta, ni salama kupanga kwa mara tatu, kwa hiyo hesabu inakuwa kilo 30 dhidi ya 60. Barabara ya changarawe yenye mawimbi, kama ile ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera ndani ya Serengeti, hairushi kwa nguvu moja kubwa bali kwa maelfu ya ndogo, na bolti zisizo na washa za springi hulegea zenyewe. Kwa hiyo safu mbili za bolti ziachane kadiri kimo cha kabati kinavyoruhusu, na safu ya juu iwe na bolti nyingi zaidi. Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, bolti zote zikazwe tena.

14. Gundi ya poliurethani ile ya vioo vya magari haitoshi peke yake?

Ina nguvu ya kutosha kwa karatasi ya hesabu, lakini inategemea rangi ya gari iliyo chini yake. Gari lililopakwa upya, na HiAce nyingi zilizotumika zimewahi kupakwa, huachia rangi kutoka kwenye bati, gundi ikiwa imeshikana vizuri na rangi hiyo. Itumie pamoja na bolti, kama mto unaozuia kelele kati ya mbao na chuma.

15. Gari langu lina AC ya nyuma na matundu ya hewa darini. Je, niyatoe?

Angalia kwanza kama inafanya kazi. HiAce za abiria zilizokuwa na AC ya nyuma zina mifereji ya plastiki inayofuata pembe ya paa, pale pale kabati linapotaka kukaa. Kama AC inafanya kazi, jenga kabati chini ya mfereji, ukubali kupoteza sentimita kadhaa za kimo, na uache matundu yakipuliza kupitia nafasi juu ya kabati. Kuufunga mfereji ndani ya kabati ni kosa: hewa baridi hukutana na joto la paa, jasho la maji hutokea, na nguo zinanuka uvundo.

Kama imekufa, toa mifereji, lakini mabomba ya gesi yake yasikatwe kabla fundi wa AC hajaitoa gesi.

Nyaya za taa za ndani nazo hupita kwenye reli hiyo. Zifuatilie kwa kidole kutoka taa hadi taa, zifunge kwa mikanda mbali na kila alama ya kutoboa, ndipo uchukue drili.

## Milango

16. Mlango upi unafaa: wa kuinuka, wa kushuka, wa kuteleza au pazia?

Wa kuinuka ndio unaofaa zaidi, kwa sababu ukifunguka haukai njiani mwa kichwa cha aliyeketi, na mikono yote miwili inabaki huru kama una kitu cha kuushikilia. Wa kushuka humwagia mtu vitu, nao ukisahaulika wazi unageuka kuwa kisu cha kimo cha shingo. Wa kuteleza ni mzuri kwa gari jembamba, lakini vumbi la barabarani huingia kwenye reli zake na baada ya siku chache unasaga kama mawe ya kinu.

Pazia la kitambaa kinene lenye mpira juu na chini halidharauliki. Halina uzito, halilii, halihitaji komeo, na pamoja na kizuizi cha swali la 5 linazuia nguo na matandiko bila shida. Kwa vyombo halifai.

17. Sumaku za kabati zinatosha kufunga milango?

Hapana. Sumaku hushika mlango uliotulia. Breki ya ghafla kwenye lami kavu husukuma vitu mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wao wenyewe, na shimo huvirusha juu. Sumaku ya dukani haikuundwa kwa hilo. Tumia kitasa cha kubonyeza chenye ulimi wa kuingia ndani, ambacho kitufe chake kikichomoza kinatumika kama mkono wa kuvutia na kikizama kinaonyesha kwamba mlango umefungwa. Kwa mlango unaozidi sentimita 60 kwa urefu, weka viwili, kimoja karibu na kila pembe, la sivyo mlango unapinda katikati na ulimi unatoka.

Kuhusu shokapu za gesi zinazoshikilia mlango ukiwa juu: maduka ya vifaa vya makabati huuza kwa wingi zile za nyutoni 100, yaani msukumo wa karibu kilo 10. Mlango wa plaiwudi ya milimita 9 wenye sentimita 80 kwa 30 hauzidi kilo moja na nusu. Shokapu hiyo huurusha mlango usoni pako na baadaye kung'oa skrubu zake. Tafuta za nyutoni 50 au 60, weka moja upande mmoja, na ufunge msingi wake mahali ambapo mlango ukifungwa shokapu inausukuma ndani, badala ya kupigana na kitasa. Joto huongeza nguvu ya gesi, kwa hiyo ijaribu mchana gari likiwa juani.

## Unyevu, joto na moto

18. Kwa nini nguo zilizo nyuma ya kabati zinapata ukungu?

Watu wawili waliolala wanatoa maji mengi kwa pumzi usiku kucha. Mahali penye baridi, kama kingo za kreta ya Ngorongoro zilizo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300, bati la paa linapoa haraka na mvuke unaganda juu yake kuwa matone. Kabati lililojaa huzuia hewa kupita, kwa hiyo ukuta wa nyuma yake ndio wenye baridi zaidi na wa mwisho kukauka.

Bati lote lililo nyuma ya kabati lifunikwe kwanza kwa sponji ya seli zilizofungwa, iliyobandikwa bila kuacha mapengo, kwa sababu sponji ya godoro hunywa maji na kuyatunza. Kisha toboa matundu ya sentimita tatu kwenye sakafu ya kabati, karibu na ukuta, mengine kwenye mbao za kugawa karibu na paa, ili hewa ipande kupitia lile pengo la swali la 6. Dirisha moja liachwe wazi kwa upana wa vidole viwili wakati wa kulala, hata kama ni baridi.

19. Naweza kuweka jiko la gesi chini ya kabati la juu?

Bora usiweke. Majiko mengi ya gesi huja na maelekezo ya nafasi ya juu isiyopungua sentimita 60 au zaidi, na ndani ya HiAce, ukishaweka meza ya jiko yenye kimo cha sentimita 75, nafasi hiyo haipo. Kata kabati mahali hapo, upaache wazi kwa feni ya kutolea moshi. Wapishi wengi wa safarini huishia kupika nje chini ya mlango wa nyuma, na kwa ugali wa watu wanne huko ndiko kwenyewe.

20. Betri na inveta vinaweza kukaa juu?

Taa na swichi, ndiyo. Betri na inveta, hapana: vina uzito na vinahitaji hewa, navyo hufupisha maisha yao kwenye joto la chini ya paa. Taa za ukanda za volti 12 zikae chini ya ukingo wa mbele wa kabati, zikiwa nyuma ya kizuizi kidogo cha mbao, mwanga uangukie mezani bila kumulika macho.

## Hali za pekee

21. Gari langu lina mifuko ya hewa ya pembeni. Je, nitoboe hivyo hivyo?

Usitoboe. HiAce nyingi za H200 zilizo barabarani kwetu hazina mifuko hiyo, lakini baadhi ya magari mapya ya aina nyingine huificha kwenye ukingo wa paa, hasa juu ya viti vya mbele. Tafuta maandishi ya mfuko wa hewa kwenye plastiki za nguzo na dari. Ukiyaona, kabati lianze nyuma ya eneo hilo, na dari isivuliwe kabla betri ya gari haijatolewa nyaya.

22. Je, abiria anaweza kukaa chini ya kabati la juu gari likitembea?

Akiwa amefunga mkanda, na kama ukingo wa mbele wa kabati hauko mbele ya uso wake wala juu ya utosi kwa karibu. Kaa kwenye kiti hicho, jirushe mbele na pembeni kadiri mkanda unavyoruhusu, uone kichwa kinapofika. Kikifika kwenye mbao, ama kiti kihame ama kabati likatwe.

23. Kuna athari yoyote kwenye usajili wa gari?

Makabati yenyewe ni samani. Kinachogusa usajili ni kupunguza viti au kubadili aina ya bodi, kwa mfano kuinua paa. Kenya mambo hayo hupitia NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi, na Tanzania kadi ya gari iko chini ya TRA, mamlaka ya mapato. Bima nayo ijulishwe kabla ya safari, kwa maandishi.

24. Nataka kuweza kuyatoa makabati gari litakapouzwa. Inawezekana?

Inawezekana kama uliamua hivyo mwanzoni. Gawa kabati refu katika masanduku mawili au matatu yasiyozidi sentimita 120 kila moja, yaliyoshikana kwa bolti, ili kila sanduku lipite mlangoni likiwa zima. Bolti zote zifikike kutoka ndani ya kabati bila kuvunja kitu, gundi ya poliurethani isitumike mahali popote panapogusa bati, na plastiki za dari za awali zitunzwe zikiwa zimesimama kivulini. Nati za riveti zitabaki kwenye mbavu. Zifunike kwa vifuniko vya mpira, na mnunuzi akitaka kurudisha viti na dari ya abiria, hazitamzuia.